Gitaa Jeusi la Dukani Kwako

Kibosho,
Alhamisi, 24 Aprili 1997.

Kaka Valerian,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu umenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na kwa sababu marehemu mama hakuturuhusu kuanza barua bila salamu. Usitafute humo heshima nyingine. Wifi Rachel na watoto sina ugomvi nao, nao nawaombea uzima kwa moyo wote.

Huku nyumbani hatujambo. Masika yameshika kweli, barabara ya kushuka Moshi imekatika mahali pawili. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Upepo uliangusha migomba kumi na kitu upande wa chini wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nimeiondoa na kuwapa ng'ombe. Baba mwili wake ni mzima, anakula na anatembea mpaka barabarani na kurudi. Mengine kuhusu baba utayakuta mbele.

Nimekaa siku tatu nikitafuta namna ya kukuandikia kwa upole. Nimeshindwa, kwa hiyo nitaandika mambo kama yalivyotokea.

Unakumbuka Krismasi. Tulikuwa tumemaliza machalari ya ndizi na nyama, pombe ya mbege inazunguka, na wewe ukasimama mbele ya baba mdogo Aminieli na ukoo mzima ukatuhubiria juu ya soko huria. Ulisema zamani, uzi mmoja wa gitaa ulipokuwa haupatikani Moshi nzima, wapiga muziki walipanda mpaka hapa kumbembeleza baba, naye akataja bei aliyotaka. Sasa mali inaingia kwa makontena. Bendi zinataka gitaa la Mjapani, na kwaya nazo zimeanza kutaka hilo hilo. Ukasema kuuza gitaa la besi la Kibosho kwa laki moja na nusu ni kujidanganya. Ukatoa masharti mawili: bei ishuke hadi elfu sabini na wewe ndiye uyachukue magitaa yote ukayauze dukani kwako Arusha, na kichwa cha shingo kiachwe kitupu, pasichomwe jina la baba, kwa kuwa jina la mzee wa mgombani linafukuza wateja.

Baba alikuwa amekaa pale pale ukiyasema hayo. Mtu aliyefundishwa useremala na mabradha wa misheni, aliyetengeneza besi yake ya kwanza mwaka sitini na nne kwa sumaku za spika mbovu na nyaya za shaba alizozifumua kwenye redio zilizokufa. Aliitikia kwa kichwa tu. Mimi nilifungua mdomo kuuliza hiyo elfu sabini umeipataje, ukanikatiza ukisema, "Wewe Mektrida endelea kupiga msasa, biashara tuachie." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko hicho nimekijutia kuliko maneno yako.

Ukapakia magitaa manane yasiyo na jina, pamoja na moja la zamani lililokuwa limechomwa jina la baba, SIRILI. Ukaagiza mengine kumi na mawili yawe tayari kufika Juni.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Wiki ya pili ya Kwaresima alifika hapa mgeni kutoka Mwika, Mwalimu Eliufoo, anayefundisha kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri huko. Alikuwa amebeba gitaa la besi limefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Alisema walilinunua Arusha mwezi wa kwanza kwa laki tatu na elfu arobaini. Mwaka mzima walikuwa wakichanga: akina mama waliuza maziwa, vijana walichuma kahawa za watu kila Jumamosi. Wiki sita tu baadaye shingo ikaanza kupinda, nyuzi zikainuka, kidole hakifiki. Aliporudi dukani aliambiwa kipuri chake lazima kiagizwe Japani, na gharama ni yake. Ndipo akakumbuka kwamba Kibosho kuna mzee fundi.

Nililipokea mimi, baba alikuwa amelala. Lilikuwa jeusi, linang'aa kama teksi mpya, na kichwani limebandikwa jina la kigeni kwa herufi za dhahabu. Lakini, Valerian, mkono hausahau. Nililiweka pajani tu, nikajua. Ule mpindo wa chini unaokaa kwenye paja niliukata mara tatu kabla haujanikubali. Nikaugeuza mgongo wake nikafungua kifuniko cha nyaya, na ndani, kwenye mbao ambayo rangi haikufika, nikakuta penseli: namba 112, Septemba 96. Mbili yangu, tisa yangu.

Mwalimu Eliufoo alikuwa amesimama karibu akilitazama, akasema kwa upole kwamba Mjapani anajua kazi, ila labda baridi yetu ya mlimani ndiyo imemshinda. Akaniambia nimwamshe mzee aje kulitazama vizuri, pengine atajifunza kitu.

Nilifunga kifuniko. Nilimwambia alifuate baada ya siku nne.

Kilichoharibu gitaa lile nilikijua siku hiyo hiyo. Ulikuwa umekwangua mafuta niliyoyapaka kwa wiki mbili, ukalipuliza rangi ya magari, kisha ukalianika juani ili likauke haraka. Joto lilifungua gundi pale shingo inapoungana na mwili. Mti wa loliondo wa shingo ile, uliokaushwa darini miaka miwili, wewe umeushinda kwa alasiri moja. Niliiunga upya, nikaibana, nikaisawazisha. Mwalimu alipokuja alilipiga pale uwanjani mpaka kuku wakakimbia, akafurahi, akanilipa ya gundi na kunishukuru mara nyingi. Akaondoka na herufi zako zikiwa bado kichwani. Sikusema neno. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu, ingawa siyo kubwa kuliko yote.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona kwanza kwa macho yangu. Wiki baada ya Pasaka nikashuka Moshi, nikapanda basi la Arusha. Sikukutaarifu. Nilivaa kitenge na kujifunga kilemba kama mama yeyote wa kwaya, nikaingia dukani kwako. Wewe ulikuwa umekwenda Namanga. Nilimkuta msichana wako wa kuuza, Violet, ambaye hanijui.

Nilimwambia natafuta besi ya kanisa. Alinionyesha mawili yaliyotundikwa jirani. Moja jeusi, herufi za dhahabu, laki tatu na arobaini. La pili lilikuwa lile la SIRILI, vumbi limelilalia, nyuzi zina kutu na hazikuvutwa sawasawa, uzi mmoja umefungwa kwa waya wa umeme. Hilo liliandikwa elfu themanini na tano. Violet alinipa nipige yote mawili. Jeusi liliimba. La SIRILI lilikoroma kama mtu mwenye mafua. Nikamwuliza mbona mnaweka mbovu hivi mbele ya watu. Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kazi aliyofundishwa: "Hilo ni la mzee mmoja wa Kibosho. Bosi alisema lisisafishwe. Likikaa hapo wateja wanaona tofauti, hawabishani bei."

Hawabishani bei.

Nimekuwa nikitafuta neno la kukuita tangu siku ile na sijalipata, si kwa Kiswahili wala kwa Kichagga. Kama ungeiba tu ningekuelewa, wezi tumewaona. Wewe ulichukua gitaa lenye jina la baba yako, ukalichafua makusudi na kulining'iniza ukutani lichekwe, ili pacha wake uliyempaka rangi auzwe mara tano ya ulichotulipa. Kila aliyeingia dukani humo alifundishwa kwamba Sirili wa Kibosho hajui kazi. Na alifundishwa na mwanawe.

Nililinunua. Nililipa elfu themanini na tano, Violet akaniandikia risiti, na akanishauri kwa huruma nisubiri nichange zaidi nichukue jeusi. Usimfukuze binti huyo. Nikisikia umemfukuza nitakuja tena, na sitavaa kilemba.

Nilipofika nyumbani nililisafisha, nikaweka nyuzi mpya, kisha nikampa baba na kumweleza kila kitu. Alilipapasa shingo kwa muda mrefu kwa mikono yake inayotetemeka. Akasema, "Mwache. Ni mwanangu, na watu wasijue." Nikamwambia watu wa Mwika lazima wajue, maana ni fedha ya maziwa yao. Akasema kwamba nikienda nitavunja nyumba. Tulibishana mpaka akageukia ukuta. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kubishana naye.

Jumapili iliyopita nikaenda. Nilisubiri ibada iishe, nikaomba kuonana na viongozi wa kwaya. Tulikaa katika chumba cha vestri: Mwalimu Eliufoo, mzee wa kanisa aitwaye Ebenezeri, na mwenyekiti wa akina mama, Elifuraha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kiume ambaye ndiye aliyekusanya zile fedha nyumba kwa nyumba. Niliomba gitaa, nikafungua kifuniko, nikawaonyesha ile penseli. Nikawaambia halikutoka Japani. Limetoka Kibosho, na aliyewauzia ni kaka yangu wa tumbo moja.

Mzee Ebenezeri aliinama akaisoma penseli mwenyewe. Kisha Mwalimu Eliufoo akatabasamu kwa mshangao, nadhani alifikiri anaokoa hali, akasema, "Kumbe hata Mjapani hahitajiki. Basi hii ni kazi ya mzee Sirili mwenyewe."

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo, nikaenda zangu. Na hapa ndipo na wewe usome polepole, kwa sababu jambo hili hulijui.

Baba hajatengeneza gitaa tangu mwaka themanini na sita. Ulikuwa umeshaondoka. Mikono yake ilianza kutetemeka wakati wa kuchuma kahawa, na kufika Desemba hakuweza kushika patasi. Kulikuwa na oda ya besi mbili za bendi moja ya mjini. Niliketi mahali pake nikazimaliza, kwa kuwa nilikuwa nimemtazama tangu nikiwa mdogo na mikono yangu ilikuwa ikijua bila kuulizwa. Kiongozi wa bendi alipokuja alizipiga, akamgeukia baba, akamwambia mzee bado hujazeeka. Baba hakusema kitu. Mama hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nina vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na mimi sikusema kitu.

Tangu siku hiyo baba alikaa mbele kwenye kiti, amevaa aproni yake, anapokea wageni na kuongea nao. Mimi nilifanya kazi nyuma. Magitaa yote yenye jina SIRILI kuanzia pale ni yangu, hata lile uliloliweka ukutani lichekwe. Sema chochote unachotaka, lakini ujue ni mkono wa nani uliokuwa ukiutukana. Hukuwahi kuona kwa sababu unakuja Krismasi tu, karakana imefagiwa, na mimi niko jikoni.

Kwa nini tulinyamaza? Mara moja, mwaka themanini na nane, nilimwambia mpiga besi mmoja kwamba shingo ile nimeichonga mimi. Alilirudisha gitaa siku ya pili akasema afadhali asubiri mzee apate nafasi. Nililiweka darini wiki tatu bila kuligusa, kisha baba akamkabidhi lile lile. Alilipia bei kamili na kulisifu. Basi tukajua jina la mwanamume lina thamani gani, tukaendelea kuliuza.

Niliyasema haya yote vestrini, kama nilivyokuandikia. Elifuraha alinisikiliza amekunja mikono. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa wewe na kaka yako mna tofauti gani?"

Nilimtazama mzee Ebenezeri, naye akawa anatazama sakafu. Nikasema kaka yangu aliharibu kazi na kuwaibia, mimi kazi yangu ilikuwa nzima na bei ilikuwa ya haki. Elifuraha akasema hakuuliza bei. Aliuliza jina. Tena akanikumbusha kwamba niliwaacha waimbe Pasaka yote na uongo huo mikononi, huku nikijua. Ni kweli, Valerian. Niliketi pale nikiwa nimekuja kukushitaki wewe, na machozi yakanitoka mbele ya Walutheri nisiowajua.

Hawakunibembeleza. Walisubiri ninyamaze, halafu Elifuraha akaniuliza bei ya kweli ya gitaa lile ni kiasi gani. Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Wateja walimwuliza baba, na wewe hukumwuliza mtu. Nilifikiri, nikasema laki moja na sitini. Mzee Ebenezeri akataka kujua mbona nilikuuzia wewe kwa elfu sabini. Nikamwambia mbao ya mninga ya mwili wa gitaa inatoka Tabora na inakaa darini miaka miwili, sumaku na nyuzi nanunua, na mikono yangu inakaa juu ya gitaa moja siku kumi na tisa. Kwa elfu sabini nilikuwa nawapa watu siku zangu bure na kumshukuru aliyezichukua. Nikasema pia kwamba likiharibika ndani ya miaka mitatu nitalitengeneza bila malipo, kwa kuwa najua halitaharibika asipokuwepo mtu wa kulianika juani. Wakaafikiana kwamba laki moja na sitini ni bei. Iliyobaki, laki moja na themanini, iko kwako na ni yao.

Kisha Elifuraha akasema nibandue herufi zile na kuweka jina langu, ili wajue watamwendea nani. Nilizikwangua kwa kisu. Nikapasha waya moto jikoni kwa mchungaji, nikachoma MEKTRIDA, na waya uliteleza nikaharibu ile K. Iko hivyo hivyo.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekuwa mazuri tangu hapo. Habari imefika mjini kabla yangu. Bendi ya hoteli moja iliyokuwa imeweka oda imetuma mtu kusema itafikiri kwanza. Kwaya moja ya Kilema imeagiza moja, kwa bei hiyo hiyo, lakini wametaka kuja kunitazama nikilifanya. Nimewaambia waje. Magitaa matano kati ya yale kumi na mawili yako yamekamilika hapa. Hutapata hata moja. Ukituma gari litarudi tupu, na dereva nitampa chai kwa kuwa yeye hana kosa. Nitayauza mwenyewe, kanisa kwa kanisa, nikiyapiga mbele ya watu, kwa jina langu na kwa bei yangu. Yakikataliwa yatakaa darini.

Yale saba uliyobaki nayo, au uliyokwisha kuyauza, kila moja lina namba ndani na ninazo zote kwenye daftari. Nitawatafuta walionunua. Sina haraka.

Kuna jambo la mwisho. Barua hii sikuitia posta. Aliyekukabidhi, yule bwana mwembamba mwenye koti la kijivu, ndiye Mwalimu Eliufoo. Aliokuja nao ni mzee Ebenezeri na Mama Elifuraha. Wameisoma kabla yako, nilitaka iwe hivyo. Nimewaomba wasiseme neno mpaka ufike kwenye mstari huu, na najua sasa umeinua macho unawatazama. Risiti yao iko mkononi mwa yule mama. Wametoka Mwika alfajiri na mvua. Wape viti.

Msalimie wifi Rachel na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Baba mdogo Aminieli anakusalimu, hajui lolote bado. Salamu za baba sina. Hajaongea nami tangu Jumapili, anapokea chakula na kugeuka. Akinena nitakuarifu alichosema, hata kikiwa cha kunilaani.

Ni mimi dada yako,
Mektrida Sirili,
fundi wa magitaa.